Makato ya chama cha wafanyakazi ni amana: Nani mwangalizi wake?

Mwalimu, muuguzi, karani wa halmashauri au mfanyakazi wa bandarini anapopokea hati yake ya mshahara, macho yake hukimbilia mstari wa mwisho, pale palipoandikwa kiasi atakachokwenda nacho nyumbani. Mistari ya katikati huirukia. Humo mna kodi, mna mchango wa hifadhi ya jamii, mna bima ya afya, mna mkopo. Na baina ya hiyo mna mstari mmoja mfupi wenye jina la chama cha wafanyakazi. Wengi huutazama mstari huo kama wanavyoitazama kodi: fedha imeshakwenda na hakuna wa kuulizwa. Makala haya yanahusu mstari huo, kwa sababu wa kuulizwa yupo, na wa kuuliza pia yupo.

Tuanze na hesabu nyepesi. Kwa walimu walio katika Chama cha Walimu Tanzania (CWT), makato ya chama yamejulikana kwa miaka mingi kuwa ni asilimia 2 ya mshahara. Tuchukue, kwa mfano tu, mwalimu anayelipwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Asilimia 2 yake ni shilingi 16,000. Kwa mwaka ni 192,000. Hata kama mshahara wake usingepanda mara moja katika utumishi wa miaka 30, angestaafu akiwa amekichangia chama chake shilingi 5,760,000. Shule yenye walimu 25 wa mshahara huo hupeleka 400,000 kila mwezi. Wilaya yenye walimu 1,000 hupeleka milioni 16 kwa mwezi na milioni 192 kwa mwaka. Hiyo ni wilaya moja, na ni chama kimoja tu kati ya vingi: kuna TUGHE kwa watumishi wa Serikali na afya, TALGWU kwa Serikali za Mitaa, TUICO kwa viwanda na biashara, TPAWU kwa mashamba, CHODAWU kwa mahoteli na kazi za majumbani, DOWUTA bandarini, na vinginevyo.

Fedha hizi hazikuokotwa njiani. Ni ada ya madrasa ya mtoto, ni mafuta ya taa ya bibi kijijini, ni nusu kilo ya nyama ya Ijumaa. Familia imezitoa ili mfanyakazi asisimame peke yake mbele ya mwajiri. Basi ni haki ya familia hiyo kujua zinakwenda wapi.

Chama ni jambo jema

Isifahamike kwamba tunavipiga vita vyama. Mfanyakazi mmoja akienda kumwomba bosi wake nyongeza, huambiwa mlango uko wazi, anayetaka kuondoka aondoke. Wakienda mia kwa sauti moja, huwekewa viti na kusikilizwa. Mkataba wa hali bora, ule ambao chama hufunga na mwajiri, ndio unaoweza kuweka kwa maandishi mambo ambayo familia ya Kiislamu inayahitaji: muda wa kwenda kuswali Ijumaa bila kukatwa mshahara, zamu zinazozingatia mwezi wa Ramadhani, ruhusa ya kwenda msibani, na kuhakikisha kwamba mama aliyejifungua anapata zile siku 84 za likizo yenye malipo ambazo sheria ya mwaka 2004 ilimwekea, badala ya kurudishwa kazini kwa vitisho.

Kusaidiana katika wema na uchamungu ni amri iliyomo katika aya ya 2 ya Suratul Maida, na aya hiyo hiyo inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Chama cha wafanyakazi kinaweza kuwa la kwanza na kinaweza kuwa la pili. Kitakachoamua ni namna kinavyokusanya, kinavyotumia na kinavyotoa hesabu.

Mizani ya dini

Aya ya 58 ya Suratun Nisaa inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Wanazuoni wameieleza kuwa inakusanya kila kilichowekwa mikononi mwa mtu kwa niaba ya mwingine, kuanzia funguo za jirani aliyesafiri hadi hazina ya umma. Mweka hazina wa tawi la chama yumo ndani ya aya hiyo, awe anaijua au haijui.

Katika Sahihi za Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume Muhammad (S.A.W) alimtuma kukusanya zaka ya Banu Sulaym. Aliporudi Madina aliigawa mizigo mafungu mawili: hili akasema ni lenu, na hili akasema amezawadiwa yeye. Mtume (S.A.W) alihesabiana naye, kisha akapanda mimbari. Mbele ya watu akahoji ingekuwaje lau mtu huyo angekaa katika nyumba ya baba yake na mama yake, je, zawadi hizo zingemfuata huko?

Tuitazame habari hii kwa makini. Aliyehojiwa hakuwa mwizi aliyekamatwa usiku. Alikuja mwenyewe, akayataja mafungu yote mawili kwa kinywa chake. Kosa lilikuwa kudhani kwamba anachopewa kwa sababu ya cheo ni mali yake. Tena suala halikuishia faragha. Umma ulielezwa ili ujifunze. Imamu Bukhari aliiweka hadithi hii chini ya mlango unaohusu kiongozi kuwahesabia watendaji wake. Kiongozi wa chama anayepewa na mwajiri safari, simu au bahasha, na asubuhi yake anakaa mezani kumwombea mfanyakazi nyongeza kwa mwajiri huyo huyo, ajiulize swali lile la mimbarini: lau ningekuwa nyumbani kwa wazazi wangu, je, ningeletewa?

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii vita wala urithi. Inazungumzia kuandika deni, mwandishi na mashahidi. Wazee wetu wa Pwani walilifupisha somo hilo kwa methali: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria ya nchi imesema nini

Kwa upande wa Tanzania Bara, mama wa mambo haya ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria zake za kazi za mwaka 2005. Wengi wanaijua sheria hii ya Bara kwa habari za kuachishwa kazi, lakini ndani yake mna sehemu nzima inayohusu vyama.

Sheria inakitaka chama kiwe kisichofanya biashara ya faida, kiwe huru mbali na mwajiri, na kiwe kimeanzishwa katika mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20. Kinatakiwa kuwa na katiba inayoeleza nani anaweza kuwa mwanachama, ada ni kiasi gani au inapangwaje, viongozi wanachaguliwa na kuondolewa vipi, fedha zinawekwa na kuwekezwa vipi, na zinaruhusiwa kutumika kwa mambo gani. Kisha kinasajiliwa na Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri, ambaye ni mtumishi wa umma.

Kuhusu fedha, kifungu cha 51 ndicho ambacho kila mwanachama angepaswa kukijua kama anavyojua tarehe ya mshahara. Chama kinatakiwa kutunza vitabu vya mapato, matumizi, mali na madeni. Mwaka wa hesabu unaishia 31 Desemba. Hesabu hizo zinatakiwa zikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa, na ifikapo 31 Machi ya mwaka unaofuata ziwe zimewasilishwa, pamoja na ripoti ya mkaguzi, sehemu mbili: kwa Msajili, na kwenye mkutano wa wanachama au wawakilishi wao. Aidha, mwanachama anaruhusiwa kuzikagua katika ofisi za chama.

Hapo ndipo penye uzito. Sheria haikusema hesabu ni siri ya katibu mkuu na mhasibu. Imesema ni haki ya anayekatwa. Mwalimu wa darasa la tatu huko Kilwa au Kondoa ana haki ya hesabu hizo kama mjumbe anayekaa meza kuu.

Na kama chama kinavunja katiba yake? Kifungu cha 53 kinampa Msajili, na pia mwanachama wa kawaida, haki ya kwenda Mahakama ya Kazi kuomba uamuzi au uchaguzi ubatilishwe, au chama kilazimishwe kufuata katiba. Mahakama itataka kwanza kujua kama mlijaribu kusuluhishana ndani ya chama. Hili nalo ni jambo la hekima, kwani suluhu ni kheri.

Nani mwanachama, nani si mwanachama

Lalamiko linalosikika zaidi katika vyumba vya walimu na wodi za hospitali ni hili: mimi sikujaza fomu, mbona ninakatwa? Ili kulijibu ni lazima kutofautisha vitu viwili vinavyofanana kwa sura.

Cha kwanza ni ada ya uanachama. Kwa kifungu cha 61, mwajiri anakata ada hii pale tu mfanyakazi aliporidhia kwa kujaza fomu maalumu. Mwajiri anatakiwa kuipeleka kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Akiichelewesha bila sababu ya msingi, anadaiwa na chama asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku ya kuchelewa. Mfanyakazi akitaka kuondoa ridhaa yake, anatoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Hahitaji kugombana na mtu.

Cha pili ni ada ya uwakala. Chama kilichopata wanachama zaidi ya nusu mahali pa kazi hutambuliwa kuwa msemaji wa wafanyakazi wote wa hapo. Kikipata nyongeza, nyongeza hiyo humfikia hata asiye mwanachama. Kwa hiyo kifungu cha 72 kinaruhusu chama na mwajiri kukubaliana kwamba wasio wanachama nao wakatwe, ili asiyechangia asile jasho la mwenziwe. Lakini sheria imeweka mipaka minne. Hakuna atakayelazimishwa kuwa mwanachama. Kiasi hakitazidi ada ya mwanachama. Fedha hizo ziwekwe katika akaunti ya peke yake, zitumike kwa maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi wa mahali hapo tu. Na hata shilingi moja isiende kwa chama cha siasa wala kwa mgombea wa siasa.

Basi anayekatwa bila kujaza fomu asikimbilie kusema ameibiwa, wala asinyamaze. Aulize kwa maandishi: ninakatwa kama nani? Kama ni mwanachama, nionyesheni fomu yangu. Kama ni ada ya uwakala, nionyesheni mkataba, na nielezeni akaunti hiyo imetumikaje kwetu hapa kazini.

Orodha ya wanachama nayo ni suala la amana. Sheria inakitaka chama kiitunze, kwa sababu nguvu ya kujadiliana inatokana na idadi. Orodha yenye majina ya waliostaafu, waliohama na waliofariki ni ushahidi wa uongo juu ya karatasi. Na orodha iliyoachwa bila kuhuishwa huwaumiza wale wale inaowahusu: mjane anakwenda ofisini kufuatilia mkono wa pole ambao kanuni za chama zimemwahidi, anaambiwa jina la marehemu halionekani, ilhali mshahara wake ulikatwa hadi mwezi aliofariki.

Serikali ilipokuwa mwangalizi pekee

Wapo wanaosema dawa ni nyepesi, Serikali ivikamate vyama hivi na kuvisimamia yenyewe. Historia yetu imeshalijaribu hilo.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, lilianzishwa mwaka 1955, na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Vyama vile vilikuwa na meno. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walikuwa wamekwishagoma mwaka 1947, na harakati za kudai uhuru zilinufaika sana na nguvu ya wafanyakazi. Lakini baada ya uasi wa jeshi wa Januari 1964, viongozi kadhaa wa vyama waliwekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na kwa sheria ya mwaka huo huo kikaundwa chama kimoja tu, NUTA. Katibu mkuu wake alikuwa mteule wa Rais, na wa kwanza kushika nafasi hiyo, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huo huo Waziri wa Kazi. Mtu mmoja akawa msemaji wa wafanyakazi na pia msimamizi wa wizara inayowasimamia.

Mwaka 1978 NUTA ikageuka JUWATA, jumuiya ya chama tawala. Mwaka 1991 ikaja OTTU. Ni katika miaka ya 1990 vyama vya sekta mbalimbali vilipoanza kusimama tena, CWT ikiwamo, iliyoundwa mwaka 1993. Na baada ya sheria mpya ya 1998 kuanza kutumika mwaka 2000, likapatikana shirikisho la TUCTA. Kwa takriban miaka 30, mfanyakazi alikatwa fedha kwa ajili ya chama ambacho hakukichagulia katibu. Kuuliza hesabu katika hali ile kulikuwa sawa na kuihoji Serikali.

Sheria ya 2004 ilijifunza kutokana na hayo. Msajili wa leo hana mamlaka ya kukifuta chama kwa kalamu yake. Ni lazima aende Mahakama ya Kazi kuomba kifutwe. Tofauti hiyo isidharauliwe. Lakini maana yake ni kwamba Serikali imerudi nyuma hatua moja, na hatua hiyo imeachwa ijazwe na wanachama wenyewe.

Sheria nzuri bila wanachama wenye sauti

Upande wa pili wa jambo ni pale ambapo sheria ni nzuri kabisa lakini wanachama wamenyamazishwa. Mfano wake mashuhuri umetokea mbali na kwetu, Marekani, nchi ambayo tangu 1959 ilikuwa na sheria inayovilazimisha vyama kutoa taarifa ya fedha kila mwaka na inayowahakikishia wanachama uhuru wa kusema na kuchagua.

Chama cha wachimba migodi, UMWA, kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya nchi hiyo. Kilikuwa na benki yake mjini Washington na mfuko mkubwa wa pensheni na matibabu ya wachimba makaa ya mawe. Rais wake, Tony Boyle, alikishika tangu 1963. Mwaka 1969 kiongozi mwenzake, Jock Yablonski, alijitokeza kugombea dhidi yake, akalalamikia matumizi ya fedha na kunyimwa kwa wanachama haki ya kuwachagua viongozi wa wilaya zao. Aliiomba Wizara ya Kazi ichunguze. Wizara haikuingilia wakati wa kampeni. Uchaguzi ukafanyika 9 Desemba 1969, Boyle akatangazwa mshindi, na Yablonski akapinga matokeo. Usiku wa 31 Desemba wauaji waliingia nyumbani kwake katika jimbo la Pennsylvania, wakamuua yeye, mkewe Margaret na binti yao Charlotte.

Fedha ya kuwalipa wauaji, dola 20,000, ilitoka katika hazina ya chama. Ilipitishwa kwa jina la kamati ya utafiti: hundi ziliandikwa kwa wachimba migodi wastaafu kana kwamba wamefanya kazi, wakazibadilisha kuwa taslimu na kurudisha fedha kwa waliowatuma. Katika vitabu ilisomeka kama matumizi ya kawaida. Daftari lilikuwepo, aliyekosekana ni mwanachama wa kusimama mkutanoni akauliza kamati hiyo ni ipi, na imetafiti nini.

Mwaka 1972 mahakama iliubatilisha uchaguzi ule, ukarudiwa Desemba ya mwaka huo chini ya uangalizi wa Wizara ya Kazi, na wanachama wakamchagua Arnold Miller, mchimba migodi wa kawaida. Boyle alitiwa hatiani kwa mauaji hayo na alifariki mwaka 1985 akiwa bado mfungwa. Dola chache za kila mchimba migodi, zilizokatwa kwa nia ya kumlinda, zilikuwa zimetumika kuiua familia ya mtu aliyeuliza.

Hatusemi kwetu kuna mfano wa hayo. Tunasema kwamba mahali ambapo swali dogo linaogopwa, dhambi kubwa hupata nafasi ya kukua.

Mwangalizi wa kwanza ni anayekatwa

Msajili ana vyama nchi nzima. Mkaguzi wa hesabu huja mara moja kwa mwaka, hukagua vitabu alivyoletewa, huondoka. Anayejua kama semina iliyolipiwa kweli ilifanyika, kama fulana 60 zilizoandikwa zilifika shuleni 60 au 25, ni mwanachama wa tawi. Wanachama wengi ukiwauliza wamepata nini kutoka kwa chama chao hujibu kwa mzaha: fulana na kofia ya Mei Mosi. Mzaha huo unachekesha, lakini ni wa mtu aliyekata tamaa ya kuuliza.

Katika kamati za misikiti yetu tunalo zoezi ambalo vyama vinaweza kuliiga. Baada ya swala ya Ijumaa husomwa kilichokusanywa wiki iliyopita, kilichotumika na kilichobaki. Uzoefu wa mwandishi wa makala haya, akiwa katibu wa kamati, ni kwamba siku hesabu inaposomwa kwa ukamilifu, hadi bei ya balbu na malipo ya fundi bomba, sadaka ya wiki inayofuata hupanda. Wiki zikipita bila kusomwa, minong'ono huanza hata kama hakuna senti iliyopotea. Uwazi humlinda kiongozi mwaminifu kuliko unavyomwumbua asiye mwaminifu.

Mwanachama afanye nini, basi? Kwanza, apate nakala ya katiba ya chama chake na aisome, hasa sehemu ya fedha: nani anatia saini hundi, fungu gani la makato linarudi tawini, posho za viongozi zinaidhinishwa na kikao gani. Pili, ahudhurie mkutano wa tawi. Uchaguzi unaofanywa na watu saba katika tawi la watu themanini si kosa la wale saba. Tatu, baada ya 31 Machi, tawi liandike barua ya heshima kuomba hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Nne, aulize kuhusu mali na vitega uchumi. Vyama vyetu vina majengo, vina hisa. CWT ina jengo la Mwalimu House pale Ilala, na ilishiriki kuanzisha Benki ya Biashara ya Mwalimu iliyoanza huduma mwaka 2016. Mwanachama ana haki ya kujua kilichowekezwa kinazaa nini na faida inakwenda wapi. Na mwanachama Mwislamu mwenye wasiwasi wa riba alilete jambo hilo mkutanoni kwa hoja na adabu, apendekeze njia ya halali, badala ya kulinung'unikia pembeni.

Tano, na hili ni la nyumbani: mume na mke wasome hati ya mshahara pamoja. Mwenza ajue ni chama gani, ni kiasi gani, na kanuni zinaahidi nini wakati wa maradhi au mauti. Siku ya msiba si siku ya kuanza kutafuta namba ya tawi.

Kuuliza nako kuna adabu zake. Suratul Hujurat imetuamrisha katika aya ya 6 kuthibitisha habari, na katika aya ya 12 imekataza dhana mbaya, upelelezi na usengenyaji. Kumwita mweka hazina mwizi kwenye kundi la simu, bila kuona kitabu chake, ni dhuluma nyingine. Uliza kwa maandishi, uliza kikaoni, taja kifungu, weka nakala. Ukijibiwa vizuri, shukuru na uwaeleze wenzako kama ulivyowaeleza malalamiko. Na kiongozi aliyeulizwa asikasirike. Kumwomba hesabu si kumtuhumu. Ni kumsaidia kuutua mzigo ambao, asipoutua hapa, ataulizwa mbele ya Mola wake.

Taasisi zetu nazo ni waajiri

Ingekuwa si insafu kuwanyooshea vidole wengine na kujisahau. Tuna shule, tuna zahanati, tuna vituo vya mayatima. Wote hao ni waajiri mbele ya sheria. Mwalimu wa shule ya Kiislamu ana haki ya kujiunga na chama kama mwalimu wa shule ya Serikali, na kumwambia kwamba kudai haki ni kukosa ikhlasi ni kuitumia dini vibaya. Mtume (S.A.W) amefundisha kwamba mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na atakayemwajiri mtu akamtumikisha kikamilifu kisha asimlipe, amehesabiwa katika hadithi iliyomo kwa Bukhari miongoni mwa watu watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama.

Kwa hiyo taasisi inayokata makato ya chama au ya hifadhi ya jamii, kisha ikayatumia kwanza kwa mambo mengine kwa nia ya kuyarudisha baadaye, imekula amana ya mtu, hata kama fedha imetumika kupaka rangi msikiti. Uongozi wa kila taasisi utazame vitabu vyake mwezi huu: je, kila tulichokata kimefika kilikotakiwa, ndani ya zile siku 7?

Chama cha wafanyakazi hakitatengenezwa na Msajili peke yake, wala na mahakama, wala na hotuba za Mei Mosi. Kitatengenezwa na tawi moja linaloitisha mkutano, kusoma hesabu yake kwa sauti na kuandika muhtasari. Kisha tawi la pili. Viongozi wakijua kuwa kila mwaka, Machi inapokwisha, kuna barua zinakuja kutoka mashuleni, mahospitalini na bandarini, vitabu vitaandikwa vizuri tangu Januari.

Tunamwomba Allah awape viongozi wa vyama vyetu uwezo na uaminifu kwa pamoja, na awape wanachama ujasiri wa kuuliza na insafu ya kusikiliza jibu. Amin.